Samaki Wapandao Mito

Wasomaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wamjua ningu. Mvua kubwa zinyeshapo na Mto Mara ufurikapo, samaki huyu huliacha Ziwa Victoria, akaupanda mto, akaingia penye majani yaliyofunikwa na maji, akataga mayai yake huko. Maji yapunguapo hurudi ziwani, na watoto wake humfuata.

Katika nchi za baridi yuko samoni, ambaye hutoka baharini akapanda mito vivyo hivyo. Mwaka 1914, huko Kanada, mawe mengi yaliporomoka katika Mto Fraser, mahali paitwapo Hells Gate, wakati wa kujenga reli. Maji yakawa makali mno, na samaki wengi wakashindwa kupita. Basi, katika miaka ya 1945 na 1946 zikajengwa ngazi za samaki, yaani mifereji yenye vyumba, ambamo maji hupungua nguvu na samaki hupata kupumzika. Kazi hiyo ilikuwa njema, maana samaki walirudishiwa njia yao wenyewe.

Je, yafaa kuwavusha samaki kila penye kizuizi? La, sivyo. Sangara walikaa katika Ziwa Albert na Mto Naili, chini ya Maporomoko ya Murchison, Uganda, wala hawakuweza kuyapanda. Mwaka 1929 Bwana Michael Graham, aliyeuchunguza uvuvi wa ziwa letu, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa alaye wenzake, pasipo uchunguzi wa kutosha, ni hatari. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 watu wakawavusha. Twakiri kwamba sangara walileta biashara kubwa; lakini kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameliwa sana, na aina zao nyingi hazikuonekana tena.

Ningu naye hahitaji ngazi. Kizuizi chake ni nyavu zitegwazo mlangoni mwa mto wakati apandapo na mayai tumboni; kwa nyavu hizo uvuvi wake ulianguka katika karne iliyopita. Amvuaye wakati huo hali samaki mmoja tu, bali hula na watoto wake wote.

Basi, enyi wazazi na walimu, wafundisheni vijana kuuacha mlango wa mto wazi mvua zinapoanza. Akiba haiozi.