Mvua, bamvua na mwizi: tazama gari na nyumba kabla ya masika

Gari langu lilikufa majini Novemba 2023, katika zile mvua za El Niño, na aliyeliua ni mimi mwenyewe. Nilikuwa natoka kazini, saa kumi na moja jioni hivi, nikafika mahali huko Kisauni ambapo barabara imeinama kidogo na maji yamesimama. Matatu iliyokuwa mbele yangu ikapita. Nikasema moyoni, kama hii imepita nami nitapita. Nilipofika katikati injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Hadi hapo hasara ilikuwa ndogo. Kilichonimaliza ni nilichofanya baada ya hapo: nilizungusha ufunguo tena. Mara ya pili, mara ya tatu. Nikasikia mlio kama wa nyundo, kisha kimya. Kesho yake fundi akafungua, akanitazama kwa huruma. "Ami, ungeliacha likavutwa tu, ungenunua oili na filta. Sasa utanunua injini." Karo ya muhula wa kwanza ikaenda hapo.

Nimeona niandike haya mapema, kabla mawingu hayajatanda. Masika, au mwaka kama wazee wa Mvita walivyouita msimu huu, kwetu huingia Machi ikiisha au Aprili, na Mei ndiyo kilele chake. Kisha kusi hushika kasi na kipupwe huingia. Ni miezi ambayo maji na mwizi hupitia pale pale ambapo wakati wa jua hatukuangalia.

Kwanza nieleze kilichoiua injini yangu, maana wengi tunaendesha bila kujua. Injini hupumua. Huvuta hewa kupitia mdomo ambao katika magari mengi madogo uko mbele, karibu na taa, si mbali sana na bampa. Hewa ile hubanwa na pistoni, na hewa hubanika. Maji hayabaniki. Yakiingia ndani na pistoni ikapanda, inakutana na kitu kigumu kama jiwe, na mkono unaoishika, ule mafundi wanaouita kondrodi, unapinda au kuvunjika. Gari likizima majini, basi, usiwashe. Toa ufunguo, tafuta watu wakusukume hadi pakavu, kisha fundi afungue plaga na kukagua oili kabla ya jambo lingine lolote. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imeingiwa na maji.

Na kabla ya kuingia, pima. Maji yanayokwenda, yenye kina cha sentimita 30, yaani shubiri moja na kidogo, yanaweza kulielesha gari dogo na kulisogeza. Yakifika sentimita 60 huchukua karibu gari lolote, hata lile la kuringia. Mtu mzima akitembea kwa miguu anaweza kuangushwa na maji ya kasi ya sentimita 15 tu. Matatu iliyopita mbele yangu ilikuwa juu kuliko gari langu, tena ilinitengenezea wimbi ambalo mimi ndiye niliyelimeza. Usijipime kwa gari la mwenzako.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa pwani tunalijua kwa upande wa bahari lakini tunalisahau tukiwa barabarani. Mitaro mingi ya kisiwani na ya kando kando mwisho wake ni baharini. Bahari ikijaa, maji ya mtaroni hayana pa kwenda. Hungoja, na yakiendelea kumiminika kutoka juu hurudi barabarani. Sasa angalia: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokamilika, pamoja na siku mbili tatu za baada yake, na hapa Mombasa tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku hizo hupita mita 3. Tena maji ya bamvua kwetu hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Jioni ndiyo saa ambayo kila mtu yuko njiani kurudi nyumbani.

Siku gari langu lilipokufa, mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu nyuma. Mvuvi yeyote angeniambia. Kalenda ya Kiislamu imetundikwa ukutani mwetu, twaitumia kuhesabu Shaabani na Arafa, lakini hatuitumii kujua siku ya kupita njia ya juu. Siku hizi mvua ikinyesha kuanzia tarehe 1 hadi 4, au 14 hadi 18 ya mwezi wetu, nangoja. Naswali Magharibi nilipo, nakunywa kahawa, maji yakianza kupwa ndipo natoka.

Ukiegesha gari mahali ambapo maji ya bahari yamepanda, au ukipita dimbwi lenye chumvi, lioshe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Hewa yetu peke yake inatosha kula chuma. Usiipe na supu.

Kwa mengine ya gari nitapita haraka. Tairi zenye vipara hazina njia ya kuyatoa maji, kwa hiyo gari huteleza juu ya maji bila kugusa lami, na hapo steringi na breki hazikusikii. Uingereza na nchi za Ulaya sheria imeweka kikomo cha mfereji wa tairi kuwa milimita 1.6, lakini kwa barabara yenye maji ningesema ukifika milimita 3 anza kuweka akiba. Ikianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu. Mvua ya kwanza baada ya ukavu ndiyo yenye utelezi zaidi, kwa sababu oili na vumbi la miezi vinaelea juu ya lami. Raba za waipa hukaukia kwenye jua letu, na bei yake haifiki ya chakula cha familia siku ya Idi, badilisha. Na soma karatasi ya bima yako. Wengi tuna thadi pati, ambayo hailipi gari lako mwenyewe hata senti. Hata mwenye bima kubwa na aulize kama mafuriko yamo, aoneshwe kwa maandishi.

Gari likikuzimikia usiku kwenye mvua, funga milango, washa taa za tahadhari, mpigie mtu wako umwambie uliko. Wapo vijana wema wa kusukuma, na wapo wanaosukuma huku mkono mmoja uko kwenye kiti cha nyuma. Simu na mkoba viweke chini, visionekane. Vioo vya pembeni na vioo vya madirisha chora namba ya gari, fundi ana kifaa chake na kazi haichukui muda. Mwizi wa vipuri anapenda kile anachoweza kukiuza bila kuulizwa.

Sasa nyumba.

Nyumba zetu nyingi ni za mabati, na mvua kubwa juu ya bati ni kelele ambayo hata adhana huisikii vizuri. Kelele hiyo ndiyo rafiki wa mwizi. Anaweza kukata kufuli, kuinua bati, kuvunja kitasa, nawe umelala ukimshukuru Mungu kwa baridi. Ongeza umeme kupotea, jambo ambalo msimu huu si ajabu, na barabara imejaa maji hivyo msaada utachelewa. Ndiyo maana nasema kazi ya usalama ifanyike sasa wakati wa ukavu.

Anza na mlango wa mbao. Mbao hunywa maji, huvimba, na mlango uliofungika vizuri Februari, Mei haufungiki. Komeo halifiki tunduni. Mwenye nyumba anavuta, anasukuma, anachoka, usiku anauegemeza kiti. Nimeona nyumba zaidi ya moja ambapo mwizi hakuvunja chochote, alisukuma kiti tu. Mwite seremala apige randa mapema, kisha apake rangi ukingo wa juu na wa chini wa mlango. Sehemu hizo mbili ndizo hazipakwi kwa sababu hazionekani, na unyevu hupenya hapo. Akiwa hapo, atazame bawaba. Kama ziko upande wa nje, pini zake zinaweza kung'olewa na mlango ukatolewa mzima huku kufuli lako la bei likining'inia salama salimini.

Kufuli nazo huliwa na chumvi. Watu hutia mafuta ya kupikia. Kufuli hufunguka wiki mbili, kisha mafuta hukusanya vumbi na kugeuka gundi. Unga mweusi wa penseli ni bora, kwa kufuli na kwa kitasa.

Dirisha lina wizi wake wa aina ya peke yake. Mwizi haingii. Anapitisha ufito wenye ndoano kati ya vyuma, anavuta suruali, mkoba, simu iliyo kwenye chaji. Jirani yangu aliamka akakuta waya wa chaji umebaki peke yake ukutani. Dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu madogo juu ya zile nondo, na kitanda na meza kukaa mbali na dirisha. Wavu wa mbu wa kawaida hukatwa kwa wembe.

Lakini hapa nina neno na wale waliofunga nyumba zao kama jela. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, mlango wa mbele una geti la chuma, na ufunguo analala nao baba chumbani. Msimu wa mvua umeme ukipotea tunawasha mishumaa na taa za mafuta, na moto ukishika pazia hakuna pa kutokea. Angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo za kufunguka kwa ndani, na ufunguo wake uwe mahali ambapo hata mtoto wa miaka 8 anapajua gizani, ila mkono wa mtu wa nje haupafikii. Sipendi kusema nimezima moto mtaani nikisikia watu ndani. Imenitokea mara moja, tukawahi, alhamdulillah, na sitaki tena.

La umeme ni fupi. Maji yakianza kuingia ndani, zima meni swichi kabla hayajafika kwenye soketi. Kama yameshafika usiiguse ukiwa umesimama majini. Nyaya za kurefushia umeme zisilale sakafuni msimu huu. Umeme ukipotea chomoa friji na runinga, maana hurudi kwa kishindo. Waya ukiwa umeanguka nje, hata kama unaonekana umekufa, zuia watoto na piga 97771 ya Kenya Power.

Na seredani. Kipupwe kikiingia, au mvua ikikataa kukatika, watu huleta seredani chumbani kupata joto, kukausha nepi, au kuifukiza nyumba, kisha hufunga madirisha. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hupata usingizi mzito, na aliyelala haamki. Moto ulio mwekundu usiotoa moshi ndio hudanganya zaidi, kwa sababu watu hudhani umeshakuwa salama. Jenereta ya dukani nayo ni hivyo hivyo, mahali pake ni nje, mbali na dirisha. Ukimkuta mtu katika hali hiyo mtoe kwenye hewa kwanza, kisha hospitali.

Mtaro ulio mbele ya nyumba yako, utazame leo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017, lakini chupa za soda na nepi za kutupa zimechukua nafasi yake, na zetu hizo, hazikutoka Nairobi. Mtaani kwetu vijana wa barazani wamekubali kuzoa Jumapili baada ya Alfajiri, sharti lao ni chai na mahamri. Tumekubaliana pia kwamba usiku wa mvua kubwa kila nyumba tatu ziwe na namba za simu za wenzao, na filimbi moja, kwa sababu kelele ya mdomo haipiti bati. Watakaokwenda tarawehe au safari, jirani ajue.

Kwangu seremala anakuja Jumamosi. Kazi ngumu imebaki kwa mamangu, ambaye kwa miaka yote amepikia seredani ukumbini mvua ikinyesha na hasikii la mtu. Nimemjengea kibanda cha mabati uani, wazi pande mbili. Amekitazama, akauliza kama kusi haitapeperusha makaa, kisha akaniambia nikiongeze ukuta mmoja mfupi upande wa kusini. Hiyo kwake ni ndiyo.