Selimundu na Nafsi ya Kijana

Ugonjwa wa selimundu, ambao mitaani Tandale huitwa siko seli, ni mgumu kuaminika kwa asiyeugua. Kijana huamka mzima, akaenda shule, na kabla ya adhuhuri mifupa ya miguu na mgongo ikamuuma hata asiweze kusimama. Siku chache baadaye huonekana akitembea tena. Katika nyumba ya kupanga, ambamo hakuna siri, aghalabu huitwa mvivu au mwenye kudeka.

Chanzo ni himoglobini, ile sehemu ya damu ichukuayo oksijeni. Aliyerithi kasoro yake kwa baba na kwa mama pia (ingawa lawama kwa kawaida humwangukia mama peke yake) huwa na chembe nyekundu zinazopinda mfano wa mundu na kukwama katika mishipa myembamba. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka. Baridi, uchovu, malaria na upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu. Na Tandale, ambako Mto Ng'ombe hufurika wakati wa mvua kubwa, haina uhaba wa mambo hayo.

Lililochelewa kutiliwa maanani ni hofu. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Los Angeles, Marekani, walipima damu ipitayo vidoleni mwa wagonjwa, wakaona kwamba hata kule kungojea maumivu tu hufanya mishipa ijibane na damu ipungue. Basi amwambiaye kijana kwamba maumivu yake ni mawazo tu amekosea, na pia amemwongezea wasiwasi.

Umri wa balehe ndio mgumu zaidi. Selimundu huchelewesha kukua, hivyo kijana wa miaka 16 huweza kudhaniwa kuwa wa 12. Wakati huohuo hutolewa katika kliniki ya watoto, alikozoeleka, akakabidhiwa kwa daktari asiyemjua, ambaye huenda akamshuku kuwa atafuta dawa kali bila sababu.

Msaada wa nafsi huanza kwa kumsadiki. Kisha mshauri huandika pamoja naye utaratibu: dawa ipi anywe nyumbani, na dalili zipi zimpeleke Hospitali ya Mwananyamala bila kukawia. Hufaa pia akutane na wakubwa wake waliopita njia hiyo. Mjini Moshi, mpango wa Sauti ya Vijana, uliowalenga vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, umeonyesha kwamba vijana waliofunzwa huweza kuongoza vikundi vya namna hiyo.

Shuleni kuna jambo dogo linaloumiza sana. Figo za mgonjwa hupoteza maji mengi, naye hulazimika kunywa na kwenda haja mara kwa mara. Akinyimwa ruhusa mbele ya wenzake, kwa aibu huacha kunywa. Barua fupi ya kliniki kwa mwalimu huondoa tatizo hilo kwa siku moja.