Vyeti vya Bidhaa na Ajira ya Watoto: Yanayowahusu Wachongaji wa Tabaka na Wakulima wa Chai

Sanamu ya kiboko iliyochongwa Tabaka na pakiti ya chai iliyotoka Nyamira huweza kukutana kwenye rafu ya duka moja huko Ulaya, kila moja ikiwa na alama ndogo inayomwambia mnunuzi kwamba bidhaa hiyo haikutengenezwa kwa jasho la mtoto. Mnunuzi hulipa akiamini hivyo. Swali linalowahusu wakazi wa Kisii na Nyamira ni nani aliyehakikisha jambo hilo, alihakikisha vipi, na mzazi anayefanya kazi hiyo alipata nini ili mtoto wake abaki darasani.

Alama za namna hii hazikuanza na chai wala mawe. Iliyojulikana zaidi mwanzoni ilitoka kwenye mazulia yanayofumwa kwa mikono Asia Kusini. Huko watoto waliketishwa mbele ya mitambo ya kufumia kwa saa nyingi, wengine kwa sababu wazazi wao walikuwa wamekopa fedha kwa mwenye karakana na deni halikwisha. Mwaka wa 1994 mwanaharakati wa India, Kailash Satyarthi, ambaye miaka 20 baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Malala Yousafzai, aliasisi mpango wa kuyawekea mazulia alama. Ulianza kwa jina la RugMark na tangu 2009 unaitwa GoodWeave.

Namna mpango huo unavyofanya kazi inafaa kueleweka, kwa sababu ndipo tofauti ilipo kati ya alama yenye nguvu na karatasi ya kubandika ukutani. Kila zulia lina namba yake, na namba hiyo inaweza kufuatiliwa nyuma hadi mahali lilipofumwa. Wakaguzi hufika bila taarifa, na hawaishii kiwandani. Huenda pia vijijini na majumbani ambako kazi imegawiwa watu. Waagizaji wa mazulia hulipa ada, na sehemu ya fedha hizo husaidia kumrudisha shuleni mtoto aliyekutwa kazini. Sehemu hii ya mwisho husahaulika sana. Kumwondoa mtoto kwenye kazi bila kumwandalia pa kwenda ni kumhamishia kwenye kazi nyingine, pengine iliyo mbaya zaidi na isiyo na mkaguzi.

Sasa turudi Tabaka. Jiwe la sabuni la Kusini Mugirango huchimbwa kwa mikono kwenye machimbo ya wazi. Jiwe likiwa bado na unyevu ni laini, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu na patasi. Wachongaji wengi ni wanaume. Kinachofuata kwa kawaida ni kazi ya wanawake: kusugua kwa msasa na maji, kuanzia ule unaokwaruza hadi ule laini, kuosha, kuanika, kisha kupaka rangi au nta na kung'arisha. Kazi hizi hufanyika uani, na hapo ndipo mkono wa mtoto huingia kwa urahisi. Sahani ndogo, vishikio vya funguo na mioyo ya mawe ni vyepesi, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuvisugua.

Sababu yake haihitaji utafiti mrefu. Malipo ni kwa kipande. Dalali akitaka vipande mia tano kufikia Ijumaa na bei ya kila kimoja ni ndogo, familia haina njia ya kuongeza kipato ila kuongeza mikono. Ndivyo ilivyokuwa kwa mazulia, yaliyolipiwa kwa ukubwa wa kazi iliyokamilika, na ndivyo ilivyo kwa majani chai, ambayo mchumaji hulipwa kwa kilo. Mahali popote mtu anapolipwa kwa kipimo cha kazi na bei ikawa duni, mtoto huonekana kama msaada. Ni hesabu ya sufuria, wala haina maana kwamba wazazi wa Gusii wanawapenda watoto wao kidogo kuliko wengine.

Ni lazima pia kusema wazi kwamba si kila kazi anayofanya mtoto ni ajira ya watoto. Mtoto anayeteka maji, anayefagia ua au anayemsaidia mama kuchuma majani Jumamosi asubuhi kisha akaenda kucheza hajavunja sheria, wala mzazi wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13 kwa kazi yoyote. Kati ya miaka 13 na 16 inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala ukuaji wake na isiyomzuia kwenda shule. Machimbo ni suala tofauti kabisa: sheria hiyo hairuhusu mtoto kuajiriwa kwenye machimbo ya wazi, awe ameaga darasa au la, awe na nguvu za mtu mzima au la. Anayemtuma kijana wa miaka 15 kubeba mawe kutoka shimoni kwa malipo hana pa kujitetea.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa dhidi ya kazi hatari au ya unyonyaji. Sheria ya Watoto ya 2022 imeendeleza ulinzi huo. Kwa hiyo hata bidhaa isiyo na cheti chochote, inayouzwa kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, inabanwa na sheria hizi. Cheti huongeza jicho la mnunuzi juu ya sheria. Hakichukui nafasi yake.

Kwa wachongaji, mfumo wa vyeti ulio karibu nao zaidi ni ule wa Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO. Una kanuni kumi, na ya tano inahusu ajira ya watoto na kazi ya kulazimishwa. Tofauti na mazulia, shirika hili halikagui kipande kimoja kimoja. Hukagua kikundi chenyewe, jinsi kinavyolipa, kinavyoweka hesabu na kinavyowatendea watu wake. Vikundi vya Tabaka kama SMOLArt vimekuwa vikiuza kwa wanunuzi wa biashara ya haki ng'ambo kwa njia hii.

Kanuni hiyo ya tano ina jambo ambalo wazee wa Tabaka wangelikubali bila ubishi. Haikatazi mtoto kujifunza ufundi wa jadi kutoka kwa wazazi. Uchongaji ni urithi. Aliyeanza kushika kisu akiwa na miaka 25 ni nadra kuwa fundi hodari. Inachotaka ni kwamba ushiriki wowote wa mtoto usifichwe, ufuatiliwe, na usimnyime masomo, usalama wala muda wa kucheza. Baba anayemwonyesha mwanawe namna ya kulifuata jiwe kwa mkondo wake wakati wa likizo anafundisha. Baba huyo huyo akimkabidhi mtoto vipande hamsini vya oda ya dalali usiku wa kuamkia mtihani, hapo amevuka mpaka. Vumbi nalo lisisahaulike: kuchonga na kusugua jiwe kavu hutoa unga unaoingia mapafuni, na mtoto anayefundishwa anapaswa kufundishwa kwa msasa wa maji.

Udhaifu wa mfumo huu kwetu ni kwamba unamfikia aliye kwenye kikundi. Mchongaji anayemuuzia dalali, na dalali akamuuzia mwenye duka Nairobi au Mombasa, na mwenye duka akamuuzia msafirishaji, hana namba wala jina kwenye bidhaa yake. Sanamu ikifika kwa mwisho, hakuna anayeweza kusema ilitoka boma gani. Ukaguzi pia una gharama, na mtu mmoja hawezi kuzibeba. Hapo ndipo ushirika una maana: daftari la oda linaloonyesha nani alipewa vipande vingapi, kwa bei gani, kwa muda gani. Daftari hilo hilo humwonyesha mkaguzi jambo kubwa zaidi, yaani kama kazi iliyogawiwa nyumba moja inaweza kumalizwa na watu wazima waliomo. Watu wawili wakipewa kazi ya watu sita, jibu la nani aliyeifanya liko wazi kabla mkaguzi hajabisha hodi.

Kwenye chai hali ni tofauti, kwa kuwa huko mkulima mara nyingi tayari yumo ndani ya cheti, ajue asijue. Viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA vilianza kujiunga na mfumo wa Rainforest Alliance mwishoni mwa miaka ya 2000, kiwanda cha Momul huko Kericho kikiwa cha majaribio, kisha mpango ukaenea katika maeneo mengine yanayolima chai. Cheti hushikwa na kiwanda kwa niaba ya wakulima wake wote. Wakaguzi wa nje hawawezi kufika kila shamba. Hutembelea baadhi, na shamba lolote linaweza kuwa miongoni mwao. Mwenye robo ekari ana uzito sawa na mwenye ekari tano siku hiyo.

Kwa miaka mingi iliaminika vijijini kwamba mtoto mmoja akionekana na kapu shambani, kiwanda kizima kitanyang'anywa cheti. Hofu hiyo ilizaa tabia moja tu, kuficha. Siku ya ukaguzi watoto waliambiwa wasionekane, na kesho yake mambo yakarudi yalivyokuwa. Kiwango kipya cha Rainforest Alliance kilichotangazwa 2020, na kuanza kutumika kwenye ukaguzi katikati ya 2021, kilibadilisha mkazo. Sasa kiwanda kinatakiwa kuwa na watu wa kutathmini hatari ya ajira ya watoto, kufuatilia, na mtoto akipatikana kumsaidia kutoka kwenye kazi hiyo. Ajira ya watoto bado ni kosa, na kiwanda kinachopuuza kesi nzito kinaweza kupoteza cheti, lakini kupatikana kwa kesi na kushughulikiwa si mwisho wa dunia. Mkulima anayemweleza afisa wa kiwanda kwamba kibarua wake huja na watoto wawili wa umri wa shule hasaliti jirani yeyote. Analinda soko la wote.

Watoto wa vibarua ndio wanaosahaulika zaidi. Mwenye shamba anaweza kuwa na watoto wake wote shuleni, huku mchumaji anayelipwa kwa kilo akija na wake kwa sababu hana pa kuwaacha, na kwa sababu kilo nne zao huongezwa kwenye mzani wake. Karatasi za shamba zitaonyesha jina la mtu mzima mmoja. Mwenye shamba akiona mtu mmoja anapima kilo ambazo mtu mmoja hawezi kuchuma kwa siku, anajua.

Kisha kuna bei. Cheti kina masharti kwa mkulima, na ni haki mkulima aulize kina masharti gani kwa mnunuzi. Tofauti ya bonasi kati ya viwanda vya mashariki na vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa kilio cha wakulima wa Kisii na Nyamira mwaka baada ya mwaka, na hakuna alama ya pakiti iliyoimaliza. Mfumo unaodai mtoto asichume lakini hauulizi kama malipo ya mzazi yanatosha karo, sare na chakula umefanya nusu ya kazi. Mfumo wa Fairtrade, kwa mfano, huongeza fedha za ziada juu ya bei, na wanachama wenyewe huamua zitumike wapi. Mahali kwingine zimejenga madarasa na kulipa karo. Mkulima au mchongaji aliye katika kikundi chenye fedha kama hizo ana haki ya kuomba hesabu zake kwenye mkutano mkuu.

Shinikizo la wanunuzi halitapungua. Ujerumani ilianza kutumia sheria inayoyabana makampuni makubwa kuhusu minyororo yao ya ugavi Januari 2023. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya mwaka 2024 yanaonyesha watoto wapatao milioni 138 duniani wako katika ajira ya watoto, na asilimia 61 kati yao wako kwenye kilimo. Wanunuzi wanapozisoma takwimu hizo, macho yao hugeukia mashamba kama ya Gusii kwanza.

Ukaguzi wa kazi na ulinzi wa watoto ni majukumu ya Serikali ya Kitaifa, kupitia Afisa wa Kazi na Afisa wa Watoto katika kila kaunti. Kaunti husimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi, biashara na ushirika. Mama kibarua aliye na mtoto wa miaka minne aulize kituo cha chekechea kilicho karibu na shamba anakochuma, na kijana aliyemaliza shule anayetaka uchongaji kama kazi aulize chuo cha ufundi cha wadi yake. Wachongaji wanaotaka kusajili kikundi waanzie kwa Afisa wa Ushirika.

Mkazi anayejua mtoto aliyeachishwa shule ili achimbe mawe, achume chai au afanye kazi ya ndani anaweza kupiga simu namba 116 wakati wowote, bila malipo, au kumwona chifu, mzee wa Nyumba Kumi au Afisa wa Watoto. Anayepiga si lazima ajitambulishe. Husaidia akitaja kijiji, aina ya kazi, na saa ambazo mtoto huonekana kazini.