Kipanya Kidogo Kisichotumia Waya, Michezo ya Kompyuta na Afya ya Mkono

Kipanya kidogo kisichotumia waya kilibuniwa kwa ajili ya msafiri: mtu anayefungua kompyuta mpakato, akajibu barua pepe, kisha akakitia kipanya mfukoni na kuendelea na safari. Siku hizi vijana wengi hukitumia kifaa hichohicho kucheza michezo ya kompyuta, pengine tangu jioni hadi usiku wa manane. Kazi ya dakika chache imegeuka kuwa ya saa nyingi, na mzigo wa mabadiliko hayo huubeba mkono.

Kipanya kikubwa hukipa kiganja mahali pa kupumzika. Kilicho kidogo hakifanyi hivyo. Mchezaji hulazimika kukishika kwa ncha za vidole, huku gumba na kidole cha pete vikikibana pande zote mbili muda wote. Kifundo cha mkono hukandamizwa mezani na kupinda kuelekea nyuma. Hamasa ya mchezo nayo humfanya mtu abane kwa nguvu kuliko inavyohitajika, bila mwenyewe kutambua. Tena, kwa kuwa hakuna waya, kipanya huchezewa popote: kitandani, pajani, hata juu ya mkono wa kochi, mahali ambapo kigasha hakina egemeo.

Ili kuelewa madhara yake, yafaa tutazame ndani ya kifundo. Upande wa kiganja kuna njia nyembamba ambayo sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na dari yake ni utepe mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja, neva ya kati. Kifundo kinapopinda na vidole vinapobana, shinikizo ndani ya njia hiyo hupanda na neva hupungukiwa na damu. Hali hiyo ikijirudia kwa muda mrefu, neva huanza kulalamika. Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watumiaji wa kompyuta kazini kwa mwaka mmoja. Ganzi na kuwashwawashwa kwa mkono vilihusishwa na kutumia kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki. Hii haimaanishi kwamba kila mchezaji ataugua, lakini yatosha kututahadharisha.

Dalili hutegemea mahali palipoathirika. Neva ya kati ikibanwa, ganzi huonekana kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mgonjwa huamka usiku na kuukung'uta mkono ili apate nafuu. Maumivu yakiwa kwenye kifundo upande wa gumba, yakazidi anapokunja gumba ndani ya ngumi na kuupinda mkono kuelekea kidole cha mwisho, huenda ala za kano za gumba zimevimba. Ganzi ya kidole cha mwisho huashiria neva nyingine, ipitayo nyuma ya kiwiko, ambayo hubanwa mtu anapoegemea ukingo wa meza kwa muda mrefu.

Wapo wanaohofia mawimbi ya redio yanayokiunganisha kipanya na kompyuta. Mawimbi hayo yana nguvu ndogo sana na siyo yanayoumiza mkono. Kinachoumiza ni mkao, kubana na muda.

Kwa mchezaji, kinga ni nyepesi. Chagua kipanya kinachojaza kiganja, na kile kidogo kibaki kwa safari. Kama ndicho pekee ulicho nacho, cheza mezani, kigasha kikiwa kimeegemezwa, kiwiko kikiwa karibu na mwili na kifundo kikiwa kimenyooka. Sogeza kipanya kwa kutumia kigasha chote badala ya kuzungusha kifundo pekee. Rekebisha kasi ya kishale, kwani kikiwa chepesi mno mkono hukakamaa kukizuia. Pumzika angalau kila dakika 30, ufungue na kufumba vidole. Ganzi ikianza, simamisha mchezo. Usiumalizie kwa kumeza dawa ya maumivu.

Kwa mhudumu wa afya, swali la saa ngapi mgonjwa hucheza, kwa kifaa gani na katika mkao gani, lapaswa kuulizwa sambamba na lile la kazi yake. Mwombe akunje vifundo vyote viwili, migongo ya mikono ikigusana, kwa sekunde 60. Ganzi ikijitokeza katika vidole vya neva ya kati, shaka huongezeka. Hata hivyo, kipanya kisifunike sababu nyingine. Kisukari, ujauzito, upungufu wa homoni za tezi dundumio na baridi yabisi huweza kuleta dalili zilezile, na neva iliyobanwa shingoni huweza kuziiga. Katika nchi zetu, usisahau ukoma: kagua ngozi kwa mabaka yasiyohisi na upapase neva nyuma ya kiwiko kama imenenepa. Kijana mwenye ukoma akiambiwa apunguze michezo tu, atapoteza miezi ambayo dawa ingeuokoa mkono wake.

Pale neva ya kati inapobanwa kwa kiasi kidogo, gango linalonyoosha kifundo, likivaliwa usiku kwa takriban wiki 6, huwasaidia wengi. Wengine huhitaji sindano ya steroidi au upasuaji. Ganzi isiyokoma, kudondosha vitu na kunywea kwa msuli wa shina la gumba ni dalili za kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu bila kuchelewa, kwani msuli uliokwisha kunywea huenda usirudi hata baada ya upasuaji. Gumba ndilo linalofunga kifungo, kushika kalamu na kuinua kikombe. Mchezo unaweza kusubiri.