Fahamu: Kromosomu zinazokatika na uvimbe wa taya kwa watoto

Bulyaga, mjini Tukuyu, kuna baridi, na mbu wa malaria ni wachache kuliko Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa. Tofauti kama hiyo ilimfungulia njia Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya, aina ya saratani, uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali, akabaini kuwa ugonjwa ni nadra kwenye nyanda za juu.

Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, zinazobeba maelekezo ya kazi yake. Katika saratani hii, mara nyingi kromosomu ya 8 na ya 14 hukatika na kubadilishana vipande, jambo ambalo Lore Zech na wenzake nchini Uswidi walilionyesha mwaka 1976. Jeni ya MYC huhamia mahali pasipo pake, na seli hugawanyika bila kukoma. Malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr huchangia.

Nasisitiza: kosa hili halirithiwi. Halitoki kwa mama, wala kwenye ukoo, wala kwa mchawi. Hutokea ndani ya seli ya damu baada ya mtoto kuzaliwa, tofauti na hali ya Down, ambayo kromosomu ya ziada ya 21 kwa kawaida huwapo tangu mimba inapotungwa.

Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku chache tu. Meno yakilegea bila sababu, au taya au tumbo likivimba, mtoto apelekwe upesi hospitali ya Makandana, na ikibidi apewe rufaa ya Mbeya. Dawa za saratani huponya wengi wanaowahi.