Vifuko vya seli na magonjwa ya kinga ya mwili

Yapo magonjwa ambayo adui hatoki nje. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kumshambulia mwenye mwili: katika baridi yabisi hushambulia maungio, katika lupasi, ngozi, maungio na hata figo. Baadhi ya waamini wanaougua magonjwa haya, wengi wao akina mama, hutuuliza juu ya sindano za “eksosomu” zinazosifiwa mitandaoni. Yatupasa kwanza kueleza ni kitu gani.

Seli zetu hutoa vifuko vidogo mno vyenye utando, navyo husafiri katika damu, mkojo na majimaji mengine ya mwili. Eksosomu ni aina mojawapo. Upana wake ni nanomita 30 hadi 150 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Mwaka 1967 Peter Wolf alieleza vifuko vitokavyo katika chembe sahani za damu, akaviita vumbi. Kumbe vumbi lile lina maneno: mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionesha kwamba eksosomu hubeba ujumbe wa vinasaba kutoka seli moja hadi nyingine.

Kwa hiyo vyaweza kusema habari za mgonjwa. Mwenye lupasi anayeshukiwa kuathirika figo hutolewa kipande cha figo kwa sindano; watafiti wanachunguza iwapo vifuko vilivyomo katika mkojo vyaweza kutoa habari hiyo bila jeraha. Ila si kila kifuko ni rafiki. Utafiti wa mwaka 2010 ulivikuta vile vya chembe sahani katika majimaji ya maungio yenye baridi yabisi, vikichochea uvimbe.

Kwa upande wa tiba, vifuko vya seli shina vimeonekana kutuliza kinga katika maabara na kwa wanyama. Seli hizo zikitoka katika kitovu cha mtoto aliyekwisha kuzaliwa, Kanisa halina kipingamizi, kama hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 inavyofundisha; kuua kiinitete kwa ajili yake ni jambo jingine kabisa.

Lakini maabara si zahanati. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuonya umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika kwa bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Mgonjwa anayetumia methotreksati au prednisoloni asiiache kwa ahadi ya muuzaji; prednisoloni hasa, kuikatisha ghafla ni hatari kwa uhai. Amwone daktari wake kabla ya kuuza hata mbuzi mmoja.