Meza ya jikoni ilivyonirudishia pakiti 60 za tangawizi

Mteja wangu wa Dodoma alinitumia picha moja tu WhatsApp, bila neno. Pakiti ya unga wa tangawizi imefunguliwa, ndani kuna mabonge yenye ukungu. Alikuwa amechukua pakiti 60 za kuuza dukani kwake. Nilimrudishia hela yote, na nauli ya mzigo juu yangu.

Kwanza nilidhani sikukausha vizuri. Lakini tangawizi naitoa Mamba Miamba huko milimani, naianika hapa Same mjini, na jua la Same mnalijua. Nikaja kugundua kwamba zile pakiti nilizopimia kwenye sinia hazikuharibika hata moja. Zilizoharibika ni zile nilizomwagia unga mezani. Meza yenyewe ni ya mbao ya msonobari. Naiosha jioni, asubuhi naiona imekauka, kumbe ndani bado ina maji. Unga wa tangawizi unavuta unyevu upesi sana, halafu mimi naufungia humo humo!

Najua wengi wenu mnaouza achari, keki, viungo au siagi ya karanga mnafanyia jikoni kwenu kama mimi. Ukitaka kubadilisha meza, usianze na bei. Anza na dakika. Ile mbao nilikuwa naisugua dakika 25 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni dakika 650, karibu saa 11 kwa mwezi. Hizo ni saa za kujibu wateja inboksi. Sisi Wapare tunasifika kwa kubana hela, ila muda hatuuhesabu.

Basi nikaenda kwa mafundi na ndimu mbili, kipande cha manjano na chupa ya maji. Fundi mmoja akanicheka, "Dada, umekuja kupika?" Nikamwambia kaka, nipe tu kipande kibovu nijaribie.

Mabo ndiyo iliyonivutia kwa macho. Nikaiwekea tone la ndimu, nikasubiri dakika kumi, nikafuta. Pakabaki baka lililofifia ambalo halikutoka tena. Jiwe hilo asili yake ni chokaa, na tindikali ya ndimu au siki inalila. Terazo nayo ina saruji, na mara nyingi chembe za mabo, kwa hiyo shida ni ile ile. Mnaouza achari ya maembe, hapo mkae mbali.

Graniti haikushtuka na ndimu. Lakini ile ya kijivu niliyodondoshea maji ilibadilika rangi, maana yake inakunywa, na itabidi ipakwe dawa ya kuziba vitundu kila baada ya muda. Nyeusi iliyoshikana haikunywa. Ukiipenda, uliza vipande vinavyobaki wakikata kaunta za watu.

Tailizi yenyewe haina neno, tatizo ni ile mistari katikati. Manjano ikiingia pale, umeshakwisha. Kama hela ndiyo hiyo, chukua tailizi kubwa ili mistari iwe michache. Na mbao za MDF zenye karatasi ya urembo juu, maji yakipenya pembeni karibu na sinki zinavimba kama mandazi.

Mimi niliishia kwenye bati la stenlesi, na hapa ndipo watu wanapigwa. Wengi hujaribu kwa sumaku, isiponasa wanasema ni safi. Siyo lazima! Zipo stenlesi za daraja la chini ambazo sumaku nazo hainasi, na chumvi inazitia kutu mapema. Uliza namba 304, na iandikwe kwenye risiti. Chini ya bati fundi agundishe ubao, la sivyo ukikata kitu litapiga kelele kama ngoma na litabonyea.

Ni ghali, sikatai. Ndiyo maana nilinunua mita moja na nusu tu, pale ninapopimia na kufungia. Upande wa jiko nimeacha tailizi zangu za zamani. Nafuta kwa sabuni na maji, nakausha kwa kitambaa, dakika tano nimemaliza. Stili waya sitii, inaacha chembe za chuma zinazoota kutu. Jiki nayo hapana, inalila bati taratibu. Na kwa anayefikiria alama ya TBS, ambao ndio wanasimamia usalama wa chakula tangu 2019, sehemu ya kuandalia chakula inatakiwa iwe laini, isiyonyonya maji na inayosafishika.

Ile meza ya msonobari iko barazani, naipangia maboksi ya mizigo ya basi.

Mteja wa Dodoma alikaa kimya miezi minne. Akarudi na pakiti kumi, "za kujaribu." Wiki iliyopita ameagiza 40. Zile 60 bado hajazifikia.